Mjukuu wa Daramumba: Nasaba ya Kubuni na Utawala wa Kasongo na Kabambare, 1870–1894

Utangulizi

Kati ya mwaka 2015 na 2018 kituo cha televisheni cha E! cha Marekani kilionyesha tamthilia iitwayo The Royals. Tamthilia hiyo ilihusu jamaa ya kifalme ya Uingereza ya zama hizi, ukoo wa Henstridge, wenye mfalme, malkia na wana wanaogombea urithi. Ukoo huo haukuwahi kuwapo. Mtazamaji alilijua jambo hilo tangu mwanzo, na kulijua ndiko kulikompa utulivu wa kufurahia njama za ikulu bila ya kuhofu kwamba kuna mtu aliyeumia.

Historia ya Maniema ya kusini ina kisa kinachofanana na hicho kwa umbo lakini si kwa matokeo. Katika miaka ya 1870 mfanyabiashara wa Unguja, Hamed bin Muhammed el Murjebi, mashuhuri kwa jina la Tippu Tip, alijitambulisha katika nchi ya Utetera kuwa mjukuu wa nyumba ya utawala ya huko. Nasaba hiyo aliitunga mwenyewe. Aliposadikiwa alikabidhiwa kiti, na nguvu alizozipata zilichangia kujenga himaya iliyokuwa na makao yake Kasongo na kituo chake muhimu Kabambare. Waliokisikiliza kisa hicho walilipa kwa pembe za ndovu, kwa kazi, na wengi wao kwa uhai.

Makala haya yanachunguza jinsi nasaba hiyo ilivyotungwa, sababu za kukubaliwa kwake, na sababu za kutodumu kwake. Hoja kuu ni kwamba hadithi ya ukoo iliweza kumfanya mtu mmoja kuwa mtawala, lakini haikuweza kumpa mwanawe urithi. Kilichosimuliwa kwa ustadi na baba kilimwangukia mwana akiwa hana masimulizi ya kukitegemeza.

Chanzo na msimulizi wake

Habari za kisa hiki zinatokana kwa sehemu kubwa na kinywa cha mhusika mwenyewe. Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, baada ya kushawishiwa na Mjerumani Heinrich Brode. Brode aliyageuza maandishi hayo kuwa ya herufi za Kirumi na kuyachapisha Berlin, pamoja na tafsiri ya Kijerumani, katika miaka ya 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley aliyatolea tafsiri ya Kiingereza iliyochapishwa Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa wanafunzi wa Kiswahili maandishi hayo ni miongoni mwa tawasifu za kale kabisa katika lugha hii, na nathari yake ni ya mazungumzo: sentensi fupi, majina mengi, hesabu za frasila, na mnong'ono wa kejeli pale adui anapopumbazwa.

Yapasa kukumbuka, hata hivyo, mahali na wakati wa uandishi huo. Mwandishi alikuwa mzee, amekaa Unguja, na himaya yake ilikuwa imekwisha kutekwa na Wabelgiji. Wasikilizaji wake walikuwa watu wa mwambao waliolelewa katika visa vya Abunuwasi na vya sungura, ambamo mwenye akili humshinda mwenye nguvu. Kisa cha Utetera kimefuma vizuri mno katika mkondo huo. Yamkini tukio limepambwa. Yamkini hila imefanywa kubwa zaidi na ridhaa ya wenyeji kufanywa ndogo zaidi. Kwa hiyo kuna tabaka mbili za ubunifu hapa: nasaba iliyosimuliwa Utetera, na simulizi ya nasaba hiyo iliyoandikwa Unguja miaka thelathini baadaye. Lililo hakika ni matokeo. Msafiri Mwingereza V. L. Cameron alipofika Nyangwe mwezi wa Agosti 1874, Tippu Tip alikuwa tayari mwenye sauti katika nchi za mto Lomami, na Cameron alikwenda kukaa katika kambi yake huko.

Kisa cha Daramumba

Tippu Tip alizaliwa Unguja kwenye mwaka 1837. Jamaa yake ilikuwa imekwisha jifunza faida ya kuunga udugu na watawala wa bara. Baba yake, Muhammed bin Juma, alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, na kwa ndoa hiyo akapata heshima na ulinzi ambao fedha peke yake isingeweza kuununua. Mtoto alikua akiona kwamba katika biashara ya pembe mkwe wa mtemi hutangulia mbele ya mnunuzi wa kawaida.

Mwaka 1867 Tippu Tip alimshinda Nsama, mtawala mwenye nguvu wa Itabwa, na akapata pembe nyingi pamoja na jina la kutisha. Kutoka huko aliendelea kaskazini na magharibi kupitia Urua. Njiani, kwa masimulizi yake, alipata habari ya jambo lililotokea zamani. Mtawala mmoja wa Urua alikuwa amepiga vita Utetera na kuwachukua mateka wanawake wa nyumba ya utawala, dada za chifu aitwaye Kasongo Rushie. Mmoja wao aliitwa Daramumba. Kasongo Rushie alikuwa sasa mzee, na bado aliwakumbuka dada zake.

Katika habari hiyo Tippu Tip aliona mlango. Alidai kwamba babu yake mzaa mama, Habib bin Bushir, aliwahi kusafiri Urua, akampata huko mwanamke mateka aitwaye Daramumba, akazaa naye binti. Na binti huyo ndiye mama yake Tippu Tip. Kwa hesabu hiyo yeye alikuwa mjukuu wa dada ya chifu, damu iliyopotea ikirudi nyumbani. Ujumbe ulitangulia, msafara ukafuata. Kasongo Rushie alimpokea kama jamaa na kumwachia utawala. Tangu hapo pembe za ndovu zilimfikia si kama bidhaa ya kununuliwa kwa shanga na nguo, bali kama haki ya mwenye kiti.

Ufundi wa utungaji huo unastahili kuangaliwa. Kwanza, nasaba ilipitishwa kwa upande wa mama. Ukoo wa baba yake ulijulikana wazi kuwa wa Kiarabu na usingeweza kubadilishwa. Lakini mwanamke aliyetekwa na kupelekwa mbali hana shahidi wa kumkanusha. Pili, kisa kilitumia majina halisi yaliyokwisha kuwamo katika kumbukumbu ya wenyeji, kwa hiyo msimulizi hakulazimika kuingiza kitu kigeni masikioni mwao. Tatu, kilijibu huzuni iliyokuwapo. Mzee aliyepotewa na dada zake hakuletewa dai la mali, aliletewa mjukuu. Nne, nyuma ya msimulizi walisimama watu wenye bunduki, na hadithi yenye bunduki nyuma yake husikilizwa kwa adabu ya pekee.

Kwa nini kilikubaliwa

Ni rahisi kumwona Kasongo Rushie kuwa mzee aliyedanganywa, na ndivyo msomaji wa mwambao alivyotakiwa amwone. Lakini tafsiri nyingine inaelekea kuwa na uzito zaidi. Katika nchi za Lomami na Lualaba za wakati ule, udugu haukuwa suala la damu tu. Ulikuwa njia ya kumweka mgeni mahali anapoweza kuwajibishwa. Mgeni mwenye bunduki asiye na jamaa ni hatari tupu. Mgeni aliyefanywa mjukuu ana wajibu: kulinda, kusikiliza wazee, kuacha kuiba alichokwisha kupewa. Utetera ilikuwa na majirani waliosumbua mipaka yake. Kumkubali Tippu Tip kulikuwa sawa na kuzileta bunduki zake upande wa nyumbani.

Wenyeji walikuwa na mifano ya kuogopa. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa misafara waliwafyatulia risasi wanawake na wanaume waliokusanyika sokoni Nyangwe, kando ya Lualaba; mamia walikufa, wengine kwa risasi na wengine kwa kuzama mtoni. David Livingstone, ambaye kabla ya hapo alikuwa amekaa miezi mingi mgonjwa wa vidonda vya miguu mahali alipopaita Bambarre, yaani Kabambare, aliyashuhudia mauaji hayo. Katika mazingira kama hayo, kukubali nasaba yenye mashaka hakukuwa ujinga. Kulikuwa bei iliyoonekana nafuu.

Kwa hiyo yafaa kusema kwamba kisa cha Daramumba kilikuwa na watungaji wawili. Mmoja alileta maneno, mwingine alileta itikio. Bila ya itikio la wazee wa Utetera, maneno ya Tippu Tip yangebaki porojo za msafara.

Nyumba ya Kasongo

Kiti cha Utetera hakikumfunga Tippu Tip Utetera. Kwenye mwaka 1875 alijiweka Kasongo, ambako binamu yake Muhammed bin Said, maarufu kwa jina la Bwana Nzige, alikuwa tayari na makazi. Polepole ikatokea nyumba ya utawala iliyokuwa na ukoo halisi, tofauti na ule wa kisa. Mwanawe Sefu bin Hamed alikuwa naibu wake Kasongo. Rashid, mwana wa Bwana Nzige, alishika maporomoko ya Stanley kaskazini. Muhammed bin Khalfan el Barwani, yaani Rumaliza, aliyekuwa mshirika wake wa biashara, alishika Ujiji na njia ya ziwa Tanganyika. Kabambare ilikuwa kiungo cha njia hiyo: misafara iliyotoka ziwani ilipumzika hapo na kujitwalia chakula kabla ya kushuka Kasongo.

Fahari ya Kasongo imeelezwa na adui. Daktari Sidney Hinde, aliyeingia mjini pamoja na majeshi yaliyouteka, alikuta vitanda vya kuchongwa vyenye vyandarua vya hariri, vyombo vya fedha na vya bilauri, mishumaa na sukari. Akakuta maghala ya mpunga na mahindi, na bustani za michungwa, mipera na mikomamanga. Mashamba hayo hayakulimwa na waliokula matunda yake. Yalilimwa na watumwa waliokusanywa katika nchi ileile ambayo mtawala wake alijiita mjukuu, na pembe zilizolipia hariri zilibebwa hadi mwambao mabegani mwa watu. Hapa ndipo tofauti kati ya udugu uliosimuliwa na udugu ulioishiwa inapojitokeza bila ya kificho. Babu alitoa kiti akitarajia ulinzi. Wajukuu wengi wa kweli wa Maniema walipata pingu.

Wafalme wawili wa mbali

Kufikia miaka ya 1880 himaya ya Kasongo ilikuwa imezungukwa na madai mengine ya ufalme, nayo pia yalisimama juu ya karatasi na maneno. Sultani Barghash wa Unguja alihesabiwa na wengi kuwa mwenye bara lote mpaka Lualaba. Tippu Tip alipofika kwake mwaka 1886 na habari za Kongo, Barghash alimweleza kwamba Wazungu walikuwa wakimtaka hata Unguja yenyewe, sembuse bara. Hakuwa na nguvu ya kuishikilia Maniema. Kwa hivyo nasaba ya kisiasa iliyoiunganisha Kasongo na kiti cha Unguja ilikatwa na mwenye kiti mwenyewe.

Upande wa pili alikuwapo Leopold II wa Ubelgiji, ambaye tangu 1885 alitambuliwa na mataifa ya Ulaya kuwa mtawala wa Dola Huru ya Kongo, nchi ambayo hakuikanyaga hata siku moja. Mwezi wa Februari 1887, huko Unguja, Stanley alimtia Tippu Tip saini ya kuwa wali wa Leopold katika maporomoko ya Stanley, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mtu aliyekuwa sultani kwa kisa cha Daramumba sasa alikuwa mwajiriwa kwa kisa cha Berlin. Yamkini Tippu Tip alielewa mapema kuliko jamaa zake kwamba kisa cha pili kilikuwa na majeshi mengi zaidi nyuma yake. Mwaka 1890 aliiacha Kongo, akafika Unguja mwaka uliofuata, na hakurudi tena.

Mwana asiyerithi

Sefu alibaki Kasongo. Yeye hakuwa na kisa cha kumwambia mtu. Alikuwa mwana wa mkubwa, na aliudai utii kama haki ya kuzaliwa. Udhaifu wa dai hilo ulidhihirika kwa Ngongo Lutete. Ngongo Lutete alianza kama mtumwa, akapata nafasi kwa ushujaa, akawa kiongozi wa vita wa Tippu Tip katika nchi za Lomami, mwenye watu wengi wanaomfuata. Uhusiano wake ulikuwa na Tippu Tip mwenyewe, uliotokana na vita vya pamoja na mgawo wa pembe, wala si na ukoo wa el Murjebi. Mnamo Septemba 1892 alikubaliana na Francis Dhanis, kamanda wa Dola ya Kongo, na kuhamia upande wake.

Sefu alitaka arudishiwe Ngongo Lutete kama mtu adaivyo mali ya baba yake. Aliponyimwa alivuka Lomami kwa vita, naye akashindwa mnamo Novemba 1892. Wabelgiji wawili waliokuwa wawakilishi wa Dola mjini Kasongo, Lippens na Debruyne, waliuawa Desemba ya mwaka huo, na baada ya hapo hapakuwa na njia ya suluhu. Mwinyi Mohara wa Nyangwe aliuawa vitani Januari 1893. Nyangwe ilianguka mwezi wa Machi, na Kasongo tarehe 22 Aprili 1893. Sefu alikimbilia mashariki akaungana na Rumaliza, akafa vitani mwishoni mwa mwaka huohuo. Mnamo Januari 1894 ngome za Rumaliza zilivunjwa, Kabambare ikatekwa, naye akakimbilia nchi iliyokuwa ya Wajerumani. Miaka minne baada ya baba kuondoka, nyumba ya Kasongo haikuwapo tena.

Washindi nao hawakuwa na udugu wa kudumu. Tarehe 15 Septemba 1893, wakati vita vinaendelea, maofisa wa Dola walimpiga risasi Ngongo Lutete baada ya kumhukumu kwa kosa la uhaini, hukumu iliyolaumiwa hata na watu wa upande wao. Askari waliokuwa wafuasi wake hawakusahau. Waliasi Luluabourg mwaka 1895. Maasi mengine yalizuka mwaka 1897 katika msafara wa Dhanis mwenyewe kaskazini, na waasi walipoteremka kusini waliiteka Kabambare mwaka 1898 kabla ya kurudishwa nyuma.

Yaliyobaki katika lugha na utawala

Himaya ilikwenda, lakini msamiati wake ulibaki. Lugha ya misafara iliendelea kusemwa Maniema, na Wabelgiji waliijua kwa jina la Kingwana, yaani lugha ya wangwana. Neno hilo lenyewe lina kisa cha nasaba ndani yake. Mwambaoni muungwana ni mtu huru aliyezaliwa na watu huru. Maniema, mngwana aliweza kuwa mtu aliyetekwa utotoni, akavaa kanzu, akasema Kiswahili, akasilimu, na kwa hayo akajipatia uungwana ambao kuzaliwa hakukumpa. Alichokifanya Tippu Tip kwa kudai kiti, maelfu ya watu wasiojulikana walikifanya kwa kudai utu wao. Tofauti ni kwamba ubunifu wao haukumnyang'anya mtu.

Neno sultani nalo lilishuka kutoka ikulu. Katika Kiswahili cha misafara, na baadaye katika Kiswahili cha Kongo, lilitumika kwa chifu yeyote wa nchi, hata wa kijiji kidogo. Utawala wa Kibelgiji ulipotoa sheria ya Mei 1910 kuhusu uchifu wa wenyeji, kila sultani alitakiwa kuthibitishwa kwa mujibu wa mila na kupewa nishani. Nasaba zikaanza kusimuliwa tena, mara hii mbele ya ofisa mwenye kalamu. Wenye kusimulia walijua, kama Tippu Tip alivyojua, kwamba jina la bibi lililowekwa mahali pake lina thamani ya kiti.

Hitimisho

Kisa cha Utetera hufunza kwamba ufalme wa kubuni hausimami kwa ujanja wa mtungaji pekee. Husimama kwa haja ya wanaousikiliza, kwa mgawo unaowafikia, na kwa nguvu inayoukinga usiulizwe maswali. Tippu Tip alikuwa na vyote vitatu. Sefu alirithi cha tatu tu, na hicho kilipokutana na nguvu kubwa zaidi, hapakuwa na aliyeona sababu ya kuendelea kukisadiki kisa. Mtazamaji wa tamthilia ya televisheni huzima chombo chake, na ukoo wa Henstridge hukoma. Watu wa Kasongo na Kabambare hawakuwa na namna hiyo ya kujitoa. Hadithi ilipokwisha, waliachwa na makaburi na mashamba yaliyotekwa.

Tippu Tip alifariki Unguja mwezi wa Juni 1905, tajiri bado. Mahali palipokuwa mji wake wa Kasongo panaitwa Tongoni. Neno tongo kwa Kiswahili ni mahame, mahali palipohamwa na watu, na hakuna tarihi iliyo fupi kuliko hiyo. Anayebaki bila ya neno ni Daramumba. Kumbukumbu za nchi yake zilisema alitekwa na kupelekwa Urua. Hakuna aliyeandika alikoishia, wala alizaa nani. Jina lake lilitumiwa kama ngazi na mtu asiyemjua, na katika maandishi yote ya nyumba ya Kasongo yeye, aliyekuwa wa ukoo wa utawala kwa kweli, ndiye pekee asiyepewa nafasi ya kusimulia nasaba yake.